Ngeli ndani ya programu

Sokoni Lubumbashi, «kitabu yangu» inaeleweka. Kwenye karatasi ya mtihani, mwalimu anaipigia mstari: upatanisho umevunjika. Lugha ya Python ni kama soko. Tangu toleo la 3.5, mwaka 2015, ina utaratibu wa alama zinazotaja aina ya kitu, namba au maandishi, lakini yenyewe haizikagui. Mwalimu ni programu nyingine, kama mypy.

Nilipotengeneza dirisha la kamusi yangu kwa maktaba ya Tkinter, nilijumlisha mifano 5 na 3, nikapata 53. Kisanduku cha kuandikia kilikuwa kimenipa maandishi, si namba. Kama ningekuwa nimetaja kwa alama kwamba jibu ni namba, mkaguzi angenionya.

Kisha nikachungulia chini, kwenye _tkinter, sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C ili kuzungumza na Tcl. Huko amri «call» hurudisha mara namba, mara maandishi, kufuatana na ulichouliza. Alama ya haki hapo ni «Any», yaani chochote. Ningeandika «namba», mkaguzi angenyamaza, na 53 ingerudi. Ngeli ya uongo ni mbaya kuliko kukosa ngeli.