Udaktari wa mifugo: kabla maksai hawajauzwa

Mzazi wa Mazwi anayetaka kuuza maksai ili mtoto asomee udaktari wa mifugo hana orodha ndefu ya vyuo. Nchini, shahada hiyo hutolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kwa miaka mitano. Nairobi na Makerere nako ipo, ila kuna gharama za ugenini.

Njia fupi ni stashahada katika kampasi za LITA, kama Mpwapwa au Tengeru. Mhitimu huwahi kurudi kutibu ndigana. Lakini Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 humweka chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Anayeota kliniki yake mwenyewe ahitaji shahada, na safari huanzia kwenye Baiolojia na Kemia za kidato cha sita.