Nguvu ya Watu Tusiowajua Sana

Askari anayekaribia kustaafu huwa na swali moja lisilojibiwa na kanuni yoyote ya jeshi wala ya polisi: siku atakapovua sare, ni nani atakayemwambia kazi iko wapi? Wengi huwategemea wenzao wa kikosi, watu waliokula na kulala pamoja nao kwa miaka mingi. Mwanafunzi mmoja wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alilichunguza swali la namna hiyo miongoni mwa raia, na majibu aliyoyapata yafaa kusomwa makambini.

Mwanafunzi huyo ni Mark Granovetter, na utafiti huo ndio uliompatia shahada ya udaktari mwaka 1970. Aliufanya Newton, mji ulio kando ya Boston. Wanaume 282 wenye kazi za kitaalamu, za ufundi na za uongozi, waliokuwa wamebadili kazi si zamani, walimjibu: 100 aliwahoji uso kwa uso, na 182 waliandikiwa kwa posta. Zaidi ya nusu yao walipata kazi kwa kuambiwa na mtu. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ni mtu huyo alikuwa nani. Miongoni mwa waliohojiwa na ambao walipata kazi kwa njia hiyo, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mleta habari mara mbili kwa juma au zaidi. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo. Wengine walisaidiwa na watu waliokwisha kuwasahau: mtu waliyesoma naye zamani, au mwajiri wa kale waliyekutana naye njiani.

Sababu si ngumu. Walio chanda na pete hujua mambo yale yale. Wanaokula mesi moja husikia uvumi mmoja, nao ukizunguka humrudia aliyeuanzisha. Mtu wa mbali ana kundi lake jingine, na kufahamiana naye, hata kwa salamu tu, ni daraja la kupitishia habari mpya. Hoja hiyo Granovetter aliichapisha mwaka 1973, baada ya jarida jingine kuikataa rasimu yake ya kwanza.

Tusidhani kwamba elimu hii ilianzia Marekani peke yake. Huko Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mtaalamu A. L. Epstein alikwisha kufuatilia jinsi watu wa mji ule wa Ukanda wa Shaba wanavyofahamiana. Makala yake ya mwaka 1961 ilitenganisha watu wa karibu, wanaojuana wao kwa wao, na wale wa mbali ambao hawajuani. Granovetter aliitumia kazi hiyo.

Lakini lililotugusa zaidi ni habari ya mitaa miwili ya Boston. Serikali ya mji ilipotaka kuubomoa mtaa wa West End, wakazi wake, wengi wao wenye asili ya Kiitalia, walishindwa kusimama pamoja, na mtaa ukabomolewa. Charlestown, mtaa wa wafanyakazi katika mji huo huo, ulijipanga ukajitetea. Kwa maoni ya Granovetter, watu wa West End walipendana mno, ila kila mmoja ndani ya kundi lake dogo la tangu utotoni. Charlestown kulikuwa na vyama vingi, na wanaume wengi walifanya kazi mumo humo mtaani, hivyo makundi yalishikana. Herbert Gans, aliyekaa West End na kuandika kitabu juu yake, hakukubaliana na maelezo hayo, naye alimjibu mwaka 1974. Hata hivyo, jambo moja ni gumu kulipinga: mtu humwamini kiongozi asiyemjua pale anapomjua mtu anayemjua kiongozi huyo. Polisi aliyehamishiwa kituo kipya hulielewa hilo bila kusoma kitabu. Asipokuwa na raia hata mmoja wa kumdhamini kwa maneno, habari za wezi hazimfikii.

Kambi yenye duka lake, shule yake na zahanati yake humpunguzia askari taabu nyingi. Pia humpunguzia madaraja, naye huja kuuhisi upungufu huo siku ya kustaafu.

Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya majaribio yaliyowahusu watu zaidi ya milioni 20 wanaotumia mtandao wa LinkedIn. Yalionyesha kuwa waliosaidia zaidi katika kupata kazi si marafiki wa damu, wala si wale wa mbali kabisa, bali watu wa katikati. Kwa askari, watu hao ni kama mwalimu wa mtoto wake, mwenye duka nje ya lango, na yule mwenzake wa kozi ya miezi mitatu aliyepelekwa mkoa mwingine.