Programu ikijifunga katikati ya malipo, usikimbilie kutuma tena

Uko dukani Mtongwe, umeshaweka PIN, mara programu yetu inajifunga yenyewe. Mwenye duka anangoja Sh850 zake. Hela zimeenda ama hazijaenda?

Kila programu hupewa sehemu yake ya kumbukumbu ndani ya simu. Ikigusa pasipo pake, simu huifunga papo hapo isije ikavuruga nyingine. Kilichozimika ni programu tu. Salio lako haliko ndani ya simu, liko kwetu, na agizo lako huenda limeshatufikia au halijatufikia. Kwa kutazama skrini huwezi kujua.

Hapo ndipo mtu hulipa mara mbili. Tafuta kwanza meseji yenye namba ya muamala. Haijaingia? Angalia salio na miamala ya mwisho kwa menyu ya laini, ile isiyotaka bando. Kama hakuna kilichokatwa, basi lipa upya. Mwenye duka atavumilia dakika mbili.

Ikizidi kujifunga, sasisha programu, kisha zima simu uiwashe. Na ukimpelekea fundi, jamani, PIN usimtajie.