Chupa Imeisha, Dozi Haijaisha: Koo la Mtoto Linalorudia Kuuma



Kila tarehe 3 Februari, kumbukumbu ya Mtakatifu Blasi, katika parokia nyingi padre hubariki makoo ya waamini kwa mishumaa miwili, na akina mama huwasogeza mbele watoto wao. Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni tunawafahamu wengi wa watoto hao, maana juma hilo hilo huwa tumekuwa nao kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Ni wale ambao kila baada ya miezi miwili mama anakuja na kusema, "Nesi, yale mafindofindo yamerudi tena." Mwezi huu tumeona vema tuwazungumzie hao, na tuanze na mmoja ambaye hatumsahau.

Mwaka 2017 tulimpokea binti wa miaka 9 kutoka kigango cha mbali. Baba yake alimleta kwa baiskeli, akiwa amemfunga kiunoni kwa kanga asije akaanguka, kwa sababu mtoto hakuwa na nguvu ya kujishika. Baba alieleza kuwa majuma matatu nyuma binti aliumwa koo na homa, akapona. Kisha goti la kulia likavimba, likamwuma kiasi kwamba hata shuka hakutaka limguse. Baada ya siku mbili goti likapoa, maumivu yakahamia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, halafu kwenye kiwiko. Kwa kuwa maumivu yalikuwa yanatembea, majirani walisema mtoto amechezewa, na juma zima likapotea kwa mganga wa kienyeji. Alipofika kwetu alikuwa anahema hata akiwa ameketi, na usiku hakuweza kulala chali. Daktari aliposikiliza kifua alisikia damu ikirudi nyuma ndani ya moyo.

Mama yake alifika kesho yake. Tukamwuliza: koo lilipouma, mlimpa dawa? Ndiyo, amoksilini ya maji. Je, alimaliza dozi? Akajibu kwa uhakika kabisa, "Nilimaliza, nesi. Chupa iliisha yote."

Hapo tukashika kalamu tukapiga hesabu. Chupa ya amoksilini ya maji iliyozoeleka ina mililita 100. Mtoto akipewa mililita 5 mara tatu kwa siku, anatumia mililita 15 kila siku. Chupa hiyo inaisha siku ya saba. Lakini dozi ya koo la aina hii ni siku 10. Mama yule hakuwa mzembe. Alifanya kile alichoambiwa. Aliyempa dawa hakumwambia kwamba ipo chupa ya pili. Na halikuwa koo la kwanza: mwaka ule lilikuwa la nne, na mara mbili za nyuma chupa moja iligawanywa kati yake na mdogo wake. Tuseme ukweli, hata sisi dirishani kwetu tumewahi kumpa mama chupa moja na kumuaga, hasa siku za mnada foleni inapofika nje ya mlango. Tangu hapo tunaandika tarehe ya mwisho wa dozi kwenye kadi ya mtoto, na mzazi ana haki ya kudai aandikiwe.

Koo na moyo vinahusianaje?

Kijidudu kinacholeta taabu hii ni bakteria aitwaye streptokoka. Hukaa kooni, na huenea kwa kukohoa, kupiga chafya, na kulala watoto wengi chumba kimoja. Mwili wa mtoto hutengeneza askari wa kupambana naye. Baadhi ya watoto askari hao hukosea: baada ya majuma mawili au matatu, koo likiwa limeshapona na kusahauliwa, wanaanza kushambulia viungo, ngozi, ubongo na moyo wenyewe. Ugonjwa huo ndio homa ya baridi yabisi. Viungo hupona bila alama. Moyo haufanyi hivyo. Ndani ya moyo kuna milango midogo inayoitwa vali, ambayo kazi yake ni kuruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi. Kila shambulio huiachia makovu, mpaka inashindwa kufunga au kufunguka sawasawa.

Wapo pia watoto ambao ubongo ndio unaoguswa: wanaanza kurusha mikono bila kutaka, wanaangusha vikombe, mwandiko unaharibika, na mwalimu anawachapa akidhani ni utundu. Mtoto wa namna hiyo aletwe hospitali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 wanaishi na moyo ulioharibiwa kwa njia hii, na karibu 360,000 hufariki kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huu. Kwa wasichana kuna hatari ya ziada: vali iliyovumilia utoto wote inaweza kushindwa wakati wa ujauzito, damu inapoongezeka mwilini.

Si kila koo linalouma ni streptokoka

Makoo mengi ya watoto huumwa kwa sababu ya virusi, na virusi havisikii amoksilini wala sindano. Katika watoto kumi wenye koo linalouma, wenye streptokoka kwa kawaida hawazidi watatu. Basi mzazi ajifunze kutazama. Mtoto mwenye makamasi, kikohozi, sauti iliyokauka na macho mekundu mara nyingi ana virusi. Anahitaji maji ya kutosha, uji, panadoli kwa kipimo cha uzito wake, na siku chache za uvumilivu. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 15 ambaye koo limemshika ghafla, ana homa, anashindwa kumeza, hana kikohozi, ana tezi zinazouma chini ya taya, na ukimulika kwa tochi unaona mafindofindo mekundu yenye usaha mweupe, huyo aletwe. Wengine huanza kwa kichwa kuuma, tumbo na kutapika, na mzazi akakimbilia dawa ya malaria bila kupima. Chini ya miaka 3 ugonjwa huu ni nadra.

Mtoto asiyeweza kumeza hata mate, anayekoroma akivuta pumzi, au asiyeweza kufungua kinywa, asingoje asubuhi.

Mbona linarudi?

Sababu ya kwanza tumeshaiona: dozi nusu. Homa hushuka siku ya pili au ya tatu, mtoto anacheza, chupa inawekwa kabatini "akiba kwa siku nyingine". Amoksilini ya maji ikishachanganywa haifai kuwa akiba; baada ya siku chache nguvu yake hupungua.

Sababu ya pili ni dawa isiyofaa. Septrini haiondoi streptokoka kooni. Vidonge vya tetrasaiklini havifai, na tena huharibu meno ya watoto wadogo. Penisilini, dawa ya zamani ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, ndiyo bado inayomshinda kijidudu huyu, na amoksilini ni ndugu yake. Mtu asikuuzie dawa ya bei kubwa kwa kusema kwamba penisilini imechoka. Kwa koo hili haijachoka.

Tatu, mtoto anapona, kisha anaambukizwa upya na ndugu anayelala naye kitanda kimoja. Ikiwa mwingine nyumbani anaumwa koo, mleteni pamoja naye siku hiyo hiyo. Fungueni madirisha usiku, na kila mmoja awe na kikombe chake.

Nne, wapo watoto wanaobeba streptokoka kooni bila kuugua. Wakipata mafua ya kawaida, watu husema mafindofindo yamerudi, na wanapewa dawa mara sita kwa mwaka bila sababu. Ndiyo maana tunawaomba wazazi watunze kadi, ili daktari aone mtiririko wote badala ya koo la leo tu.

Barafu za watoto na maembe mabichi havina kosa hapa. Watoto wengi wananyimwa raha zao bure.

Kuhusu kukata kimeo tunasema bila kuzunguka: msikate. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakileti kikohozi wala mafindofindo. Tumepokea watoto waliovuja damu usiku kucha baada ya kukatwa kwa wembe, na si wote tuliofaulu kuwaokoa. Kuondoa mafindofindo yenyewe hospitalini ni jambo jingine, lakini nalo si la kila mtoto. Madaktari hulifikiria koo likiuma sana mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu.

Kwa familia ambayo tunajua siku 10 zitakuwa ngumu, kwa sababu mama yuko shambani na mtoto amebaki kwa bibi, ipo sindano moja ya benzathini penisilini. Inauma, hatudanganyi. Lakini inafanya kazi ya siku zote kumi kwa mara moja. Mwambieni mhudumu kama mtoto amewahi kuvimba au kupata vipele kwa penisilini, na baada ya sindano kaeni pale kituoni nusu saa. Na hata kama mmechelewa kuja, njooni: matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo liumwe, bado yanaukinga moyo.

Yule binti alipelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, akapimwa kwa mashine inayoonyesha moyo ukipiga. Vali yake moja inavuja mpaka leo. Kila juma la nne anakuja kwetu kupata sindano hiyo hiyo, ili streptokoka mwingine asipate nafasi ya kuongeza kovu. Aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi huchomwa hivyo kwa angalau miaka 5, na wenye moyo ulioathirika huendelea hadi utu uzima, wengine maisha yote. Miaka ya mwanzo baba yake alimleta kwa baiskeli ile ile. Mara moja tu walikosa, mto ulipojaa, wakafika siku tatu baadaye wakiwa wameloa. Sasa binti anakuja mwenyewe, na huanza kutukumbusha sisi tarehe kabla hatujafungua daftari.

Swali tunaloulizwa sana ni kama mtoto mwenye koo hili aende shule. Akae nyumbani siku ya kwanza ya dawa. Zikipita saa 24 na homa imeshuka, hataambukiza wenzake, aende. Dawa ya mchana apewe mara atokapo shule, na kadi ibaki mahali ambapo bibi anaiona.