Nambale Kavu na Sufuria ya Presha

Mjini Jinja maji hayachemki kwa nyuzi 100. Mji uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na huko maji hutokota yakiwa na nyuzi 96 hivi. Mbale ni vivyo hivyo. Ukipanda Elgon mpaka Kapchorwa, kwenye mita zipatazo 1,900, hutokota kwa nyuzi 94. Kuni zikiongezwa, maji yatakauka haraka zaidi lakini joto lake halipandi hata kidogo. Kwa hiyo maharage ya mlimani hukaa motoni muda mrefu, na anayelipa ni aliyekwenda kutafuta kuni.

Sufuria ya presha huuzuia mvuke usitoke, na maji yaliyobanwa hupanda joto kabla ya kuchemka. Ile ya filimbi, inayojulikana sana katika majiko ya Wahindi wa Jinja, hufika karibu nyuzi 118 hata hapa kwetu. Za umeme nyingi hubana kidogo kuliko hiyo, zikaishia kama nyuzi 113. Kitabu kinachokuja nazo kwa kawaida kimeandikwa kwa ajili ya watu wa pwani, basi Jinja na Mbale ongeza sehemu moja ya kumi ya muda kilioutaja. Kapchorwa ongeza moja ya tano.

Nambale, yale maharage yenye madoa mekundu, zikiwa mpya na zimelala majini usiku kucha huiva kwa dakika 10 hadi 15 tangu filimbi ianze. Zisizolowekwa hutaka 35 au 40. Za zamani zinaweza kumaliza saa nzima na bado kiini kikakataa, na hapo watu huilaumu sufuria. Naitetea: kosa liko ghalani.

Chembe za harage zimegandishwa pamoja na pektini, na kuiva ni pektini hiyo kuyeyuka. Harage likikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, kama stoo ya bati karibu na ziwa, kimeng'enya chake chenyewe huvunja asidi ya fitiki iliyomo. Kalsiamu na magnesi zilizokuwa zimeshikwa na asidi hiyo huachiliwa, nazo huenda kuifunga pektini barabara. Presha huharakisha upishi, ila haiwezi kuufungua kikamilifu mfungo huo. Ndiyo sababu ninasisitiza kununua karibu na mavuno, Juni na Julai au Desemba na Januari, na kumwuliza muuzaji shehena iliingia lini. Tazama pia rangi: Nambale ikizeeka, ule weupe kati ya madoa mekundu hugeuka kahawia. Gunia lililochanganywa la zamani na jipya ndilo baya kuliko yote, maana nusu itarojeka na nusu itabaki mawe.

Loweka kwa maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 2. Najua wengi wameonywa kwamba chumvi hukaza maharage. Katika kuloweka, kinyume chake ndicho kweli: sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, nalo hulainika. Magadi hufanya kazi hiyo kwa nguvu zaidi, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni; aliye na sufuria ya presha hayahitaji. Nyanya na ndimu zingoje mpaka maharage yaive, kwa kuwa asidi huizuia pektini kuyeyuka.

Maji ya kulowekea yamwage. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu iitwayo lektini, na punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu vibaya. Kuchemka sawasawa huiangamiza. Moto hafifu usiofikia kuchemka hauitoshi. Kwa hiyo anayemalizia maharage yake ndani ya kapu la kutunza joto ayachemshe kwanza, walau dakika 10 na mlimani zaidi ya hapo.

Kuhusu gharama, Jinja imekuwa na umeme wa bwawa la Owen Falls tangu 1954, lakini mkaa ungali ndio unaopika maharage ya nyumba nyingi. Sufuria ya umeme ya wati 1,000 huivisha nusu kilo kwa chini ya yuniti moja, kwa sababu ikishabana hujizima na kujiwasha. Kwa mwenye umeme nyumbani, linganisha hilo na bei ya mkaa wa saa tatu.

Anayetumia sigiri apunguze makaa mara filimbi inapoanza. Maharage yasizidi nusu ya sufuria pamoja na maji yake, na yatiwe kijiko cha mafuta, kwani povu likipanda huziba tundu la mvuke. Mfaransa Denis Papin, aliyebuni chombo cha namna hii huko London mwaka 1679, alikiwekea vali ya usalama kwa hofu hiyo hiyo ya kupasuka. Ukiisha moto, acha sufuria ipoe yenyewe. Mfuniko ukikataa kufunguka, mvuke bado umo ndani.