Uzi: "Hata Rwanda wameweza." Sawa, lakini waliweza vipi?

Wadau, leo tushuke na hii. Ukikaa kwa mdahalo wowote wa haki za wanawake hapa Kenya, iwe ni redioni asubuhi, kamukunji ya mtaa ama grupu ya WhatsApp ya familia, dakika kumi haziishi kabla mtu hajataja nchi nyingine. Mmoja atasema, "Hata Rwanda wameweza, sisi tumeshindwa na nini?" Mwingine atamjibu, "Shukuru Mungu hauko Saudia." Wa tatu, yule ambaye amefika ng'ambo ama ana binamu huko, atasema wazungu walimaliza hayo mambo kitambo. Watu wanapiga makofi, mdahalo unaisha, kila mtu anaenda nyumbani na alichokuja nacho.

Sheria ya hapa ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwa majibu nitafuta, usinikasirikie.

Mimi sina shida na kulinganisha nchi. Ni njia nzuri ya kujifunza. Lakini nikisikia nchi imetajwa, huwa nauliza maswali mawili: hiyo sheria yao inamlazimisha nani, na gharama inatoka mfuko wa nani? Ukiuliza hayo, mengi yanayosemwa kwa mdahalo yanabadilika sura.

Tuanze na yule wa ng'ambo, yeye hachukui muda. Mwaka 1963 wanawake wa Kenya walipiga kura ya kuingia uhuru sawa na wanaume. Uswisi, nchi ya benki na saa za bei, wanawake hawakuwa na kura ya taifa hadi 1971. Kwa nini? Kwa sababu kule katiba hubadilishwa kwa kura ya maoni, na wapiga kura walikuwa wanaume peke yao. Mwaka 1959 waliulizwa, na karibu thuluthi mbili wakasema hapana. Mwaka 1971 wakaulizwa tena, wakakubali. Kuna jimbo dogo huko, Appenzell Innerrhoden, ambalo wanaume wake waliendelea kukataa kura ya mambo ya jimbo mpaka mahakama ikawalazimisha mwaka 1990. Elfu moja mia tisa na tisini! Hapo ndipo swali la kwanza linapata maana. Mwenye kiti akiulizwa kama angependa kukigawa, jibu si unalijua.

Sasa Rwanda, ambayo ndiyo inatajwa zaidi.

Ni kweli, Rwanda iliandika historia. Uchaguzi wa 2008 uliwapa wanawake asilimia 56 ya viti vya bunge lao la chini, mara ya kwanza duniani wanawake kuwa wengi bungeni. Mwaka 2013 wakafika 51 kati ya 80. Lakini msemaji wetu akimaliza hapo, amekuambia matokeo tu.

Lile bunge lina viti 80. Viti 24 ni vya wanawake peke yao, na hawa huchaguliwa na wajumbe wa mabaraza, si kwa foleni ya kila mtu kama yetu. Viti viwili ni vya vijana, kimoja cha watu wenye ulemavu. Vile 53 vilivyobaki vinagawiwa vyama kulingana na kura walizopata, na kila chama huleta orodha yake ya majina. Katiba yao ya 2003 inataka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na ukipiga hesabu, vile 24 peke yake tayari ni asilimia 30. Hata kama orodha zote za vyama zingekuwa za wanaume, lengo lingetimia siku ya uchaguzi. Hakuna anayeombwa. Hakuna anayesubiriwa.

Pia usisahau walikotoka. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wanaume wengi walikuwa wameuawa, wametoroka ama wako jela. Wanawake walibaki na mashamba, mayatima na serikali za mitaa. Mwaka 1999, kabla ya hiyo katiba, walipitisha sheria ya kumpa binti haki ya kurithi sawa na ndugu yake wa kiume. Kwa hivyo anayesema tuige Rwanda, muulize anaiga nini hasa, na uchaguzi wa namna gani.

Rudi kwetu sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Katiba yetu ya 2010 inasema watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa ama kuteuliwa. Maneno mazuri. Kwa mabunge ya kaunti, katiba hiyo hiyo ikaweka na dawa: baada ya uchaguzi, kama wanawake hawajatosha, vinaongezwa viti vya uteuzi mpaka hesabu itimie, na vyama vinagawana kulingana na wodi walizoshinda. Ndiyo maana hujasikia bunge la kaunti likipelekwa kortini kila mwaka kuhusu thuluthi. Hesabu inajifunga yenyewe.

Kwa Bunge la Taifa, dawa hiyo haikuandikwa. Wabunge ni 349, kwa hivyo wanawake wanatakiwa wawe angalau 117. Toa wawakilishi wa wanawake wa kaunti 47, unabaki na 70 wa kutafuta kwa maeneo bunge 290 na viti 12 vya uteuzi. Mwaka 2022 hayo maeneo bunge yote yalileta takriban wanawake 30. Mwaka huo huo tulipata magavana wanawake 7 kutoka 3 wa 2017, na sufuri 2013, kwa hivyo si kwamba mpiga kura wa Kenya hawezi kumchagua mama. Lakini kwa mwendo huo, piga hesabu utafika lini.

Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba hili jambo lifanywe hatua kwa hatua, na Bunge liwe limetunga sheria kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Miswada ikaletwa. Kubadilisha katiba kunahitaji kura 233, na zaidi ya mara moja mswada ulikwama kwa sababu waheshimiwa hawakufika ukumbini wa kutosha. Hawakusema hapana. Hawakuja tu. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo akamshauri Rais avunje Bunge. Halikuvunjwa.

Ukiuliza swali la kwanza, sheria yetu ilimlazimisha nani? Iliwalazimisha wabunge waliokuwa wamekaa kwa hivyo viti watunge sheria ya kuvigawa. Ni Uswisi ile ile, ila kwa suti za Nairobi.

Wanaopinga wana hoja pia, na tusiwacheke. Wanasema viti vya nyongeza ni mshahara juu ya mshahara, na mlipa kodi amechoka. Ni kweli vinagharimu. Tena aliyeteuliwa anamtegemea aliyeandika orodha, kwa hivyo siku ya kura ngumu anaangalia chama kabla ya kuangalia wanawake. Tanzania wana viti maalum visivyopungua asilimia 30, vinavyogawiwa vyama kulingana na kura, na lawama hiyo hiyo iko. Uganda wana kiti cha mwanamke kwa kila wilaya, kama mwakilishi wetu wa kaunti, na huko ukitaka kugombea kiti cha kawaida utaambiwa, "Mama, si mna chenu?" Maneno hayo nimeyasikia hata hapa Kenya, tena kwa mkutano wa mchana kweupe. Njia ya kuongeza wanawake bila kuongeza viti iko: kulazimisha vyama viwasimamishe wanawake kwa ngome zao, pale tiketi ni sawa na ushindi. Hiyo haimgharimu mlipa kodi shilingi. Inagharimu wanaume wanaotaka hizo tiketi, na labda ndiyo sababu huisikii sana.

Lakini tuseme tumefika. Tuseme wanawake ni nusu ya Bunge kesho asubuhi. Kule nyumbani kunabadilika nini?

Hapa Rwanda inatufunza kitu ambacho kwa mdahalo hakitajwi. Mwaka 2009, bunge hilo hilo la wanawake wengi likiwa kazini, sheria mpya ya kazi ilipunguza malipo ya likizo ya uzazi. Likizo ilibaki wiki 12, lakini mshahara kamili ukawa wa wiki 6. Mama akitaka kukaa zile 6 zingine, analipwa asilimia 20. Sasa fikiria mama anayelipa nyumba na kununua maziwa. Atarudi kazini, si atafanya nini? Waajiri walikuwa wamelalamika kwamba mzigo wote uko kwao, na wao ndio waliosikizwa.

Mwaka 2016 walirekebisha, na namna walivyorekebisha ndiyo ningependa tuibe. Walianzisha mfuko. Kila mfanyakazi anachanga asilimia 0.3 ya mshahara, awe mwanamume ama mwanamke, na mwajiri anachanga kiasi hicho hicho. Mama akijifungua, mwajiri analipa wiki 6 za kwanza na mfuko unalipa zinazofuata. Gharama ikagawanywa.

Sisi sheria yetu ya ajira ya 2007 ni tamu ukiisoma: miezi mitatu, mshahara kamili, na kazi yako unaikuta. Baba anapewa wiki mbili. Mwambie Mmarekani hivyo atashangaa, kwa sababu sheria ya taifa lao, ya 1993, inampa wiki 12 bila malipo, na si kila mfanyakazi anafikia hata hizo. Kwa karatasi tumewashinda.

Sasa swali la pili. Hapa Kenya ile miezi mitatu inalipwa na nani? Na mwajiri, peke yake, yote. Kampuni kubwa inaweza. Duka la wafanyakazi watatu?

Mdogo wangu wa kike alikuwa anauza kwa duka la dawa za mifugo Nakuru. Alipomwambia mdosi ana mimba ya miezi mitano, mdosi hakumfukuza. Alimwambia, "Madam, ukijifungua ukae mwezi moja ama nitafute mwingine, mimi sina pesa ya kulipa watu wawili." Sheria inasema mimba si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Mdogo wangu alijua hivyo, mimi mwenyewe nilimtumia kifungu. Akaniuliza, "Sasa niende kwa afisa wa leba, halafu nirudi kuuza duka gani?" Wiki ya tano alikuwa nyuma ya kaunta, mtoto kwa jirani, maziwa yanamchuruzika kwa blauzi mbele ya wateja. Nimemkasirikia yule mdosi sana. Lakini nikipiga hesabu za lile duka, sidhani alikuwa anadanganya kuhusu pesa.

Hiyo ndiyo shida ya haki inayolipwa na mtu mmoja. Wengine hawangoji hata mimba, wanaajiri wanaume tu na hawasemi kwa nini. Na mama mboga, mama wa mitumba, hawa hawana mwajiri wa kudai. Kwao hiyo sheria haipo.

Nimalizie na Saudia. Ndiyo, wanawake wa huko waliruhusiwa kuendesha gari Juni 2018. Kwa hilo tumewatangulia kwa miaka mingi. Lakini Mkenya akitaja Saudia kwa mdahalo, akumbuke kuna Wakenya huko, wengi wao wanawake wa kazi za nyumbani. Sheria ya kazi ya Saudia inawaacha wafanyakazi wa nyumbani nje, wana kanuni zao kando. Mwaka 2021 walipolegeza masharti ya mfanyakazi kubadilisha mwajiri, wa nyumbani wakaachwa tena. Binti wa Kitui ama Busia anayefika Riyadh anakutana na sheria iliyoandikwa kwa watu wengine.

Kwetu ni kinyume. Sheria yetu ya ajira haimwachi yaya nje. Yaya wa nyumbani kwako Umoja ama Kasarani ana haki ya kima cha chini cha mshahara, siku ya mapumziko, na ile miezi mitatu ya uzazi yenye mshahara. Sasa wewe uliyeandika "shukuru Mungu hauko Saudia" kwa grupu: yaya wako akipata mimba leo utafanya nini? Najua unavyolipwa pia, na najua mshahara wako haujatosha watu wawili. Ndiyo maana nasema mfuko.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu kabla ya 2027 akasema atatufikisha pale Rwanda iko, usimzomee na usimpigie makofi bado. Muulize kama ni viti ama ni ule mfuko. Kama ni viti, ni chama chake kitalazimishwa ama ni kile cha jirani. Kama ni mfuko, asilimia ngapi ya mshahara, na mama mboga anaingiaje. Akikuambia wataalamu wanashughulikia, andika tarehe.

Maswali leteni hapo chini, nitajibu usiku nikitoka kazi. Uzi unaofuata ni wa ile orodha ya uteuzi: nani huiandika, na jina huondolewaje usiku wa mwisho.