Dawati la Mtoto Huanzia kwenye Mizani

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kituo cha kununulia huwa na vitu vichache: mizani, daftari, ghala lenye mlango wa bati na foleni ya watu waliotoka shambani alfajiri. Gunia linapandishwa. Karani anasoma kilo kwa sauti. Mkulima naye anainama autazame mshale kwa macho yake mwenyewe. Watu wakiniuliza chama cha ushirika kinaisaidiaje shule ya kijiji, huwa naanzia hapo, kwenye mshale ule.

Segese, katika Halmashauri ya Msalala, ni kata yenye riziki mbili. Upande mmoja ni dhahabu: maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha ya kusagia mawe yanayounguruma mchana kutwa, na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulio jirani. Upande wa pili ni jembe: pamba, mpunga na mahindi. Kwa mazoea, darasa likikosa sakafu au watoto wakikaa chini, macho hugeukia mgodini. Si kosa. Mgodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mauzo yake, na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ya madini kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wa kuihudumia jamii. Ila mwamba una mwisho. Hapo hapo wilayani Kahama, mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Shule za jirani hazikufungwa siku hiyo. Watoto waliendelea kuzaliwa na kuandikishwa darasa la kwanza.

Chama cha ushirika ni biashara ya aina nyingine. Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe ameuza gunia moja au mia. Kinachobaki baada ya gharama huitwa ziada, na mkutano mkuu wa wanachama ndio unaoamua matumizi yake. Wanachama hao ndio wazazi wa watoto wanaokaa sakafuni. Anayeamua juu ya dawati ndiye mwenye mtoto.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1844, mafundi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao kwa sababu walichoshwa na unga uliochakachuliwa pamoja na vipimo vya wizi. Baada ya miaka michache walikuwa wakitenga asilimia 2.5 ya ziada kwa ajili ya elimu, na wakafungua chumba cha kusomea. Leo elimu na kuijali jamii ni misingi miwili kati ya saba ya ushirika duniani. Kwetu, Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili.

Nasi wa Kanda ya Ziwa tulianzia kwenye mizani vilevile. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa na wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na mwamko huo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya msingi viliungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kumiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa maana ya kushirikiana. Vijana walikuwa wakilima kwa zamu, shamba kwa shamba, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale. Kipya kilikuwa daftari.

Sasa tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Chama cha msingi kimekusanya kilo 300,000 za pamba, na kinapata ushuru wa shilingi 30 kwa kila kilo. Hiyo ni milioni 9. Toa malipo ya karani na mlinzi, ukarabati wa ghala na gharama za ukaguzi, tuseme milioni 5.5. Ziada ni milioni 3.5. Akiba ya chama na gawio la wanachama vikichukua milioni 2.5, inabaki milioni moja kwa ajili ya jamii. Dawati moja likiwa shilingi 80,000, hayo ni madawati 12, na watoto 36, watatu kwa kila dawati, wameinuka sakafuni.

Rudi kwenye mizani. Tuseme imechezewa kidogo tu, kilo moja katika kila hamsini. Katika kilo 300,000, zimepotea kilo 6,000. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, ni milioni 6, fedha ya madawati 75. Mizani mbovu imenyang'anya zaidi ya mara sita ya kile ambacho chama kiliitolea shule, na hakuna aliyepiga makofi wala kupiga picha. Ndiyo maana nasema msaada wa kwanza wa ushirika kwa shule ni kipimo cha haki. Mzazi aliyelipwa kilo zake zote hununua daftari na sare bila kungoja msaada wa mtu.

Wachimbaji wadogo nao wanaweza kuifuata njia hiyo ya ushirika. Busia, mashariki mwa Uganda, wachimbaji wa kikundi cha Syanyonja walipata cheti cha kimataifa cha biashara ya haki katika dhahabu. Kwa mfumo huo, kila kilo ya dhahabu inayouzwa kwa masharti yake huongezewa dola 2,000 juu ya bei, na wanachama ndio wanaopanga matumizi ya nyongeza hiyo. Masharti ni magumu: usalama ndani ya duara, uangalifu wa zebaki, na hakuna mtoto kazini. Sharti hili la mwisho lenyewe ni msaada kwa shule, kwani mtoto asiyebeba mawe ndiye anayeweza kushika kalamu.

Tusifiche upande wa pili wa ushirika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Hata baada ya kurudi, vingine vilielemewa na madeni, na mali za wakulima zikaishia mikononi mwa wengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika ili ivisimamie vyama, na shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO, hukagua hesabu. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Mwanachama ndiye anayebaki kijijini.

Kwa hiyo mkutano mkuu ukiitishwa, nenda. Omba taarifa ya ukaguzi isomwe hadharani. Uliza ukomo wa madeni ni kiasi gani, ziada ni kiasi gani, na fungu la shule limeandikwa kwenye makisio au limeachwa liwe hisani ya mwenyekiti. Fungu lililoandikwa linadaiwa, hisani haidaiwi. Na msimu ukifunguliwa, gunia lako likipandishwa, inama uutazame mshale.